Bunduki ya Kijani ya Averil

Averil Tuckwell alimkuta yule sungura chini ya tangi la maji, Jumapili asubuhi, alipotoka kuwamwagia kuku makombo. Mwanzoni alidhani ni kitambaa kilicholetwa na upepo. Kisha kitambaa kikasogea. Sungura alikuwa ameketi kama anavyoketi sungura mzima, masikio juu, isipokuwa taya la chini halikuwapo. Mahali pake palining'inia kitu cheusi chenye manyoya, na nzi walikuwa wamejaa pale hata nyama yenyewe haionekani. Pua ilikuwa bado inachezacheza.

Averil si mtu wa kuogopa damu. Alizaliwa kwenye shamba hilohilo la kondoo na ngano nje ya mji mdogo wa Wirrabong, ameshachinja, ameshavuta wanakondoo kutoka kwenye matumbo ya mama zao, na ndiye anayeendesha basi la shule la upande wetu, kazi inayomzoesha mtu matapishi. Lakini pale alishikwa na kinyaa. Alijua mnyama yule alipigwa lini. Ijumaa usiku mume wake, Murray, na rafiki yake, Rex Maddaford, walikuwa wamezunguka malishoni na pikapu, taa kubwa juu ya paa na bia miguuni, na milio ya bunduki ilifika mpaka kwangu, shamba la jirani. Maana yake sungura alikuwa ameishi na uso ule Jumamosi nzima.

Alichukua koleo akammaliza. Pigo la kwanza halikutosha.

"Nilifumba macho, Coralie," aliniambia baadaye. "Nikakosea. Nikawa na mimi nimefanya yaleyale."

Kisha akamweka sungura kwenye sinia la kuokea na kuingia naye jikoni. Murray na Rex walikuwa mezani wanakula mayai na nyama ya nguruwe. Rex alikuwa amekuja kusaidia kutengeneza pampu ya kisima. Averil akaliweka sinia katikati, baina ya siagi na chupa ya sosi.

"Nani kampiga huyu?"

Murray aliacha kutafuna. Rex aliinama akamkagua mnyama kama mtu anayekagua tairi.

"Wangu huyo," akasema. "Nilimwona anaruka. Nilijua nimempata."

"Umempata wapi?"

"Si hapo, shemeji? Kichwani. Ila ungetuacha tumalize chai kwanza ndio utuletee kitoweo."

"Alikuwa hai, Rex. Sasa hivi. Nimemuua mimi na koleo."

"Sungura ni mdudu, Averil. Anakula ngano yako, anachimba mashimo, kondoo wako wanavunjika miguu humo. Unataka nimwimbie kwanza?"

"Mdudu nikimkanyaga anakufa. Nataka kinachopigwa kwangu kife."

"Basi piga wewe." Rex alichovya mkate kwenye kiini cha yai. "Maneno ni rahisi. Shika bunduki tukuone."

Averil alimtazama mume wake, akingoja aseme neno lolote. Murray akaanza tena kutafuna. Hilo, aliniambia, lilimchefua kuliko sungura.

Klabu yetu ya shabaha iko nyuma ya uwanja wa maonyesho ya kilimo. Ni banda refu la bati lenye mikeka ya kulalia, na mbele yake nyasi za mita hamsini hadi kwenye tuta la udongo. Mimi ndiye ninayekaanga soseji na kuchemsha chai pale kila Jumamosi, kwa hiyo nilikuwepo Averil alipokuja mara ya kwanza, amevaa koti lake la kuendeshea basi. Mwenyekiti wa klabu alikuwa Rex mwenyewe. Alichaguliwa kwa sababu ana sauti kubwa na ana trela.

"Jamani, sogeeni!" akapaza sauti. "Shemeji yangu kaja kuwaokoa sungura!"

Watu wakacheka. Averil alimpita kana kwamba amepita ng'ombe, akaja kwenye dirisha langu la chai.

"Nani anafundisha hapa? Asiwe yule."

Nikamwonyesha Zdenka Pavlin. Zdenka alikuja nchi hii zamani kutoka Slovenia kuolewa na mwenye bucha, na yeye ndiye anayeiendesha bucha hiyo mpaka leo. Ni mfupi, mpana, ana kikohozi cha sigara, na ulimi wake haujawahi kumwonea mtu haya. Alimtazama Averil juu hadi chini.

"Umewahi kupiga?"

"Nilipokuwa msichana. Makopo."

"Sahau makopo. Lala chini."

Bunduki za klabu ni ndogo, za kipimo cha ishirini na mbili, zile ambazo pini hugonga ukingo wa risasi badala ya katikati. Risasi zake ni ndogo kuliko haragwe refu na bei yake haimfilisi mtu. Wengine huziita bunduki za watoto. Zdenka akisikia hivyo hutukana kwa lugha yake.

"Bunduki kubwa inakupiga bega, inakupigia kelele, na wewe unafumba macho unasema ni bunduki," alimwambia Averil, ambaye alikuwa amelala kifudifudi na kidevu kwenye mkeka. "Hii haisukumi. Ukikosea, ni wewe. Hakuna wa kumsingizia."

Akamwekea ganda tupu ndani ili pini isigonge chuma, akaweka sarafu juu ya mtutu.

"Fyatua. Sarafu isianguke."

Sarafu ilianguka. Ikaanguka tena na tena. Asubuhi yote Averil hakupiga hata risasi moja, na Rex kila akipita nyuma yake aliuliza kama benki imefungua. Mwishoni sarafu ilianza kubaki. Averil akanyanyuka na alama za mkeka shavuni, akala soseji mbili amesimama, akaniambia atarudi.

Alirudi majira yote ya baridi. Alisoma kozi ya usalama, akafaulu mtihani, akafunga ukutani kabati la chuma la kuhifadhia bunduki na polisi wakaja kulitikisa kuona kama limeshika. Alijifunza kutoa nusu ya pumzi na kuizuia nyingine, kukaza kidole polepole mpaka mlio umshtue mwenyewe. Matundu yake kwenye karatasi, ambayo mwanzoni yalitawanyika kama mbegu zilizorushwa, yakaanza kukaa pamoja. Ndipo akataka bunduki yake.

"Sasa ndiyo unaruhusiwa," Zdenka alisema. "Ungenunua siku ya kwanza ungenunua ujinga. Sasa shavu lako linajua linataka kulala wapi na kidole chako kinajua uzito wa kifyatulio. Usiangalie rangi. Usiangalie darubini. Iweke begani ukiwa umefumba macho, kisha fumbua. Kama unaiona alama ya kulengea bila kunyoosha shingo, anza kuuliza bei. Na usilipe kabla hujaipiga."

Duka la bunduki liko mji wa jirani, na mwenyewe anaitwa Darryl Stokoe, kijana wa miaka arobaini. Nilikwenda na Averil kwa sababu nilikuwa nahitaji mapazia. Darryl alipomwona mwanamke mwenye mvi akifungua mlango, uso wake ulichanua, akakimbilia kona moja na kurudi na bunduki yenye kitako cha waridi. Waridi kabisa, kama peremende.

"Ya akina mama," akasema. "Nyepesi. Ina kamfuko kake."

Averil aliitazama vilevile alivyotazama sinia siku ile.

"Kamfuko ka nini? Poda?"

"Wengi wanaipenda, mama."

"Wengi akina nani? Nitajie mmoja."

Darryl alicheka kwa aibu akairudisha. Akaleta nyingine, nyeusi, yote plastiki, yenye vishikio vya mbele na nyuma, reli za kufungia taa, miguu miwili ya kukunja, na mahali pa kufungia kitu kingine ambacho hata yeye hakukijua jina. Ilionekana kama ya kwenda vitani. Averil akaiweka begani kwa macho yaliyofumbwa. Alipofumbua akawa anatazama skrubu. Akavuta kifyatulio: kilikwaruza, kikakwama, kikaruka.

"Hiki kinakuja kwa awamu," akasema. "Nao mtutu wake ukoje?"

"Mtutu?" Darryl akasema. "Mtutu ni wa kawaida. Lakini hizi reli…"

"Darryl, unaniuzia reli, si bunduki."

Tulitoka. Tulipopita maghala ya ngano alifungua dirisha la gari. Kisha akasema anahisi kama amelambwa uso na mbwa wa mtu mwingine. Hakukasirika, alisema, ni hamu tu ya kunawa.

Nadhani Murray ndiye aliyepeleka habari kwa Rex, kwa sababu Jumamosi iliyofuata Rex alikuja klabuni na mkoba mrefu wa ngozi na sauti ya upole ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Shemeji, tumalize utani. Nimesikia Stokoe alitaka kukuuzia pipi." Akafungua mkoba. "Hii ni yangu mwenyewe. Ya Kicheki, ya zamani, kitako cha mti wa walnuti. Nimenunua mpya, hii inanikalia bure. Nitakupa kwa bei ya ndugu."

Ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Mti wake ulipakwa mafuta ukang'aa kama tofi, komeo la kuingizia risasi likateleza bila sauti. Ndani ya mkoba alikuwa ameweka karatasi ya shabaha yenye matundu matano yaliyogusana.

"Mita hamsini hiyo," akasema. "Mkono wangu."

Averil aliiweka begani. Shavu likalala vizuri. Niliona uso wake ukilainika, na niseme kweli, nilifurahi. Nilifikiri mtu huyu amekuja kuomba radhi kwa njia yake, maana wanaume wa kwetu huomba radhi kwa vitu, si kwa maneno.

"Naweza kuipiga kwanza?"

"Ya nini? Karatasi si hiyo hapo?"

"Zdenka kasema."

"Zdenka, Zdenka. Haya, piga."

Akalala mkekani. Akapiga risasi tano kwa utaratibu wake wote. Zdenka akatazama kwa darubini ya mezani. Matundu yalikuwa mbalimbali: moja juu, moja chini kushoto, moja limetoka kabisa nje ya duara. Averil akapiga tano nyingine. Zikatawanyika vilevile, ila mahali pengine.

"Mkono huo, shemeji," Rex alisema, akiwageukia watu. "Bunduki ya mwanaume haitaki kubembelezwa."

Averil alibadilika rangi. Akajitahidi tena, na safari hii zilikuwa mbaya zaidi. Nilimwona akiangalia mikono yake kama mtu aliyesalitiwa nayo. Zdenka akatema mate pembeni.

"Toka," akamwambia. Akalala yeye. Zdenka ameshaliwakilisha jimbo kwenye mashindano ya shabaha; akikulenga kifungo cha shati unaweza kukisahau. Risasi zake tano zilikwenda kila moja njia yake.

Zdenka akanyanyuka kwa kukohoa, akatoa risasi, akaacha komeo wazi, akainyanyua bunduki hadi mdomo wa mtutu ukawa mbele ya pua yake.

"Coralie! Lete vile vijiti vya pamba. Vya masikio."

Nilikuwa navyo kwenye mkoba. Akachomeka kimoja mdomoni mwa mtutu, akakizungusha taratibu kwenye ukingo wa ndani, akakitoa. Nyuzi za pamba zilikuwa zimeng'ang'ania upande mmoja. Akampa Averil afanye mwenyewe. Zikanasa palepale. Ukiinamisha kwenye mwanga ulikuwa unaona: chuma kilikuwa kimebonyea, na juu ya ubonyevu palikuwa na mikwaruzo midogo iliyonyooka.

"Iliangukia jiwe," Zdenka alisema. "Kisha mtu akaipiga tupa, akapaka mafuta meusi. Risasi inatoka humu ikiwa imeshikwa mkia upande mmoja. Inakwenda inapotaka."

"Haya mambo madogo," Rex akasema.

"Ulijua?" Averil akauliza.

"Kwa kujifunzia inatosha, Averil. Wewe hushindani Olimpiki."

"Nimekuuliza, ulijua?"

"Ilianguka kwenye pikapu mwaka juzi. Kwani kitu kikianguka kinakufa?"

Averil aliishika karatasi ile ya matundu matano yaliyogusana. "Na hii?"

"Hiyo ni ya kabla."

Aliigeuza karatasi upande wa nyuma, na mimi nilimjua vya kutosha kuona kwamba hafikirii tena habari ya kununua.

"Rex," akasema polepole. "Usiku ule kwenye malisho yangu. Ile mpya yako ulikuwa hujainunua bado."

Rex akaanza kuukunja mkoba wake wa ngozi.

"Ulikuwa na hii."

"Sikiliza…"

"Ulijua haipigi unapolenga, na bado ukawaelekezea viumbe. Mwaka mzima na zaidi." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Fundi angekata upana wa kidole kimoja mwishoni mwa mtutu akausawazisha kwa mchana mmoja. Hukuona haja. Sungura si atakufa tu, leo au kesho."

Akageuka kumtafuta Murray, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na kikombe changu cha chai.

"Na wewe ulijua?"

Murray akatazama ndani ya kikombe. "Alisema ataipeleka kwa fundi," akasema.

Averil alivua koti la kulengea, akatoka nje ya banda, na nikamsikia akitapika nyuma ya trela la Rex. Nilimpelekea maji. Alisukutua, akayatema, akasema, "Nimelala kitanda kimoja na mtu aliyejua." Kisha akasema anataka kwenda nyumbani, ila asiende naye.

Alilala kwangu siku hiyo, na nyingine, na nyingine. Hakulia. Alipika, akafua vitu vyangu ambavyo vilikuwa safi, na kila baada ya muda alisimama akasugua mikono. Siku ya nne nilipoamka nikakuta ameshaegesha gari mlangoni.

"Twende kwa Stokoe," akasema.

"Ukafanye nini? Ukanunue peremende?"

"Yule mjinga, lakini hakunidanganya. Alisema mtutu ni wa kawaida, na ulikuwa wa kawaida."

Darryl alipomwona safari hii hakukimbilia kona yoyote. Averil aliweka mikono yake kwenye kaunta.

"Nionyeshe zote zilizotumika. Hata zile unazoziona haya."

Darryl alikuna kichwa, akaenda chumba cha nyuma, akaleta tatu. Ya kwanza ilikuwa na kutu, ya pili kitako kimepasuka. Ya tatu aliileta ya mwisho na kuiweka chini haraka. Kitako chote kilikuwa kimepakwa rangi ya kijani, ile nzito ya milango ya mabanda, kwa brashi, mpaka matone yalikaukia chini yake. Ilikuwa ya mzee mmoja aliyefariki. Mjane wake aliomba iuzwe, na Darryl alikuwa anafikiria kuivunja apate vipuri.

Averil alifumba macho, akaiweka begani, akafumbua. Hakunyoosha shingo. Akavuta kifyatulio juu ya ganda tupu: kikakatika safi, kama kuvunja tambi kavu. Akatoa kijiti cha pamba mfukoni mwake, maana sasa alikuwa anatembea navyo, akakizungusha mdomoni mwa mtutu. Kilitoka laini kama kilivyoingia.

"Una wazimu, mama," Darryl alisema, lakini kwa heshima. "Hiyo ni mbaya kuliko dhambi."

"Jumamosi uje nayo klabuni. Na ulete risasi za kila aina uliyonayo, boksi mojamoja."

Alikuja nayo. Hapo mimi mwenyewe nilijifunza jambo ambalo sikulijua kwa miaka yote ya kukaanga soseji: kila mtutu una risasi zake unazozipenda, na hauulizi bei. Averil alilala, akapiga tano za kila boksi, kila boksi karatasi yake, akipitisha kitambaa ndani ya mtutu kila alipobadilisha. Zile za kasi, zenye picha ya radi kwenye boksi, zilitawanyika. Za bei kubwa kutoka Ulaya zilikuwa nzuri kiasi. Kisha akapiga zile za kawaida, za polepole, zilizopakwa nta, ambazo Darryl alizileta ili kujaza idadi. Zdenka aliinamia darubini yake akabaki ameinama.

"Nini?" Averil akauliza kutoka chini.

"Njoo uone."

Matundu matano yalikuwa yamekuwa tundu moja lenye umbo la ua dogo. Zdenka akampiga Averil mgongoni kwa kiganja cha mchinjaji. Darryl aliiangalia karatasi, akaiangalia bunduki, akaangalia tena karatasi, akasema angejua hivyo angepandisha bei. Averil alilipa kiasi cha jozi ya matairi ya gari dogo baada ya kibali cha polisi kutoka, na rangi ile hakuitoa. Rex alipita akasema inafanana na chura. Tangu siku ya vijiti vya pamba Averil hajawahi kumjibu mpaka leo.

Shamba, kama nilivyosema, ni la kwao Averil. Aliporudi nyumbani alimkuta Murray amefagia, amepika viazi, ana maneno tayari. Hakutaka kuyasikia. Alikwenda getini akafunga kibao alichokiandika kwa mkono: hakuna kupiga ndani ya shamba hili bila kupiga karatasi kwanza. Nyuma ya banda la kukatia manyoya ya kondoo alisimika ubao, mita hamsini, na juu yake karatasi yenye duara la ukubwa wa kizibo cha bia. Risasi tano, zote ndani. Kwa bunduki yoyote ile.

Wirrabong yote ilicheka. Baani walimwita Mwalimu Mkuu. Rex alisema yeye hapimwi na dereva wa basi, kisha watu walipoanza kumtania kwamba anaogopa kizibo, akaja. Alikuja mchana na bunduki yake mpya, darubini juu yake nene kama mkono wa mtu, na wenzake watatu wa kumshangilia. Alikuwa ameshapitia baa. Akalala, akapiga. Mbili ndani, tatu nje, na moja kati ya hizo tatu haikuonekana hata kwenye karatasi.

"Upepo," akasema, akikung'uta magoti.

Averil alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Ni Murray aliyesema, kwa sauti ndogo:

"Sungura naye hupigwa kwenye upepo huohuo, Rex."

Rex alimtazama kama mtu aliyeumwa na mbwa wake mwenyewe. Akapakia vitu vyake akaondoka, na vumbi la pikapu lake likakaa hewani muda mrefu. Msije mkadhani alianguka. Kwenye mkutano wa klabu walimchagua tena, kwa mikono juu, Zdenka akipiga kelele na mimi nikiwa na birika mkononi, kwa sababu ana trela na hakuna mwingine aliyetaka kazi. Ile bunduki ya walnuti sijui aliipeleka wapi. Averil alipoambiwa matokeo aliendelea kukunja mkeka wake. Alisema tu kwamba watu wanaweza kukaa ndani ya harufu mpaka wakaiita hewa.

Murray naye alijaribu karatasi siku ileile baada ya Rex kuondoka. Hakuingiza hata moja. Nadhani yeye mwenyewe hakujua kwamba hana shabaha. Miaka yote hiyo alikuwa akipiga gizani kwenye mwanga wa taa, kitu kinaruka, yeye anahesabu kuwa amekipata. Alikaa pale chini ameshika ile karatasi yenye duara tupu, na alipokuja kwangu jioni kuazima ngazi macho yake yalikuwa mekundu. Ngazi hakuichukua.

Averil alianza kupiga sungura mwenyewe, alasiri, amelala juu ya mwinuko karibu na mashimo yao, kwa umbali anaoujua. Wa kwanza aliporomoka pale alipokuwa, na jani bado liko mdomoni. Averil alimwendea akamgeuza. Aliniambia hakusikia furaha wala huruma kubwa; kazi ilikuwa imeisha, basi. Siku zenye upepo alirudi nyumbani bila kupiga. Sungura wangapi wamepungua siwezi kusema, lakini chini ya matangi yake hapakuwahi kuonekana tena kitu kinachotambaa.

Jumamosi moja Murray alikuja klabuni, akasubiri Rex aende kuhamisha trela, akamwendea Zdenka.

"Naomba kujifunza," akasema.

"Umechelewa miaka thelathini. Lala chini."

Akamwekea sarafu. Ilianguka, na banda zima likasikia. Averil alikuwa mkeka wa tatu kutoka pale, na bunduki yake ya kijani, wala hakugeuka. Alikuwa bado hajamsamehe. Alinieleza hivyo waziwazi, huku akitia sukari kwenye chai. Usiku wanapolala, alisema, kuna wakati mguu wa Murray unamgusa na ngozi yake inasisimka vibaya, kama imeguswa na kitu kutoka kwenye mtaro. Halafu kuna siku haisisimki.

"Utamruhusu apige shambani?" nikamuuliza.

"Akiingiza tano."

"Akiingiza nne?"

Alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemletea bunduki ya waridi.

"Ya tano itakwenda kwa nani, Coralie?"

Akarudi mkekani. Murray alikuwa ameokota sarafu, anajaribu tena kuisimamisha juu ya mtutu kwa vidole vyake vinene, na Zdenka alikuwa amesimama juu yake anamwambia apumue kama mtu, si kama kondoo.